Mtihani Unaolindwa kwa Bunduki: Kidato cha Tano na cha Sita Katika Nchi Jirani

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, askari polisi wa Uganda na wa Kenya hupewa kazi ambayo haitajwi sana katika masomo ya chuo cha polisi. Kazi hiyo ni kulinda karatasi. Nchini Uganda bahasha za mitihani ya taifa huhifadhiwa katika vituo vya polisi, na alfajiri wasimamizi hufika kuzichukua huku saini zikiwekwa na saa zikiandikwa. Nchini Kenya, tangu 2016, karatasi hizo hufungiwa ndani ya makontena ya chuma yenye kufuli mbili. Funguo hushikwa na watu wawili tofauti, na mwalimu mkuu wa shule hulazimika kufika mwenyewe kabla ya mapambazuko, kupokea mzigo wake na kusindikizwa na askari mwenye silaha hadi kwenye lango la shule. Hapa Tanzania nako, askari aliyewahi kupangiwa lindo wakati wa mitihani ya kidato cha sita mwezi wa Mei hahitaji kuelezwa uzito wa lindo hilo.

Ndani ya bahasha hizo hamna fedha wala siri za ulinzi wa taifa. Mna maswali ya historia, ya kemia, ya jiografia na ya hesabu. Hata hivyo serikali za nchi hizi huona ni lazima kuyawekea bunduki, na haziyawekei bure. Kwa saa 3 za asubuhi moja, kijana aliyesoma miaka 13 hupimwa kwa karatasi hiyo, na matokeo yake humfuata maisha yake yote. Kitu chenye thamani kubwa namna hiyo hakiwezi kukosa mwizi. Ndiyo maana katika nchi jirani limezuka swali ambalo wakuu wa elimu wamelikwepa kwa miaka mingi: je, masomo ya juu ya sekondari ni elimu, au ni maandalizi ya asubuhi hiyo moja tu?

Uganda ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa yenyewe, kama Tanzania, bado inayo miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi wa huko huchukua masomo makuu matatu, akaongeza somo la Karatasi ya Jumla, na kisha somo dogo la hisabati au la kompyuta. Kila somo kuu lina alama zake. Daraja A huhesabiwa pointi 6, B pointi 5, na hivyo hivyo kushuka. Kila somo dogo humpa pointi 1. Kwa hiyo kijana aliyepata yote ana pointi 20, na nambari hiyo 20 imekuwa maarufu nchini Uganda kiasi kwamba magazeti huchapisha picha za walioipata, wakiwa wamebebwa juu juu na wenzao na wazazi wakiwapigia vigelegele.

Yanayofuata baada ya vigelegele hayaandikwi sana. Chuo kikuu cha serikali hakichukui pointi hizo kama zilivyo. Huzipima upya kwa kila kozi: masomo mawili yaliyo ya lazima kwa kozi huzidishwa mara 3, lile linalohusiana nayo huzidishwa mara 2, na yale yasiyohusika sana hupewa uzito wa 1 au nusu. Serikali ya Uganda hugharimia masomo ya takriban vijana 4,000 tu kwa mwaka katika vyuo vyake, na sehemu kubwa ya nafasi hizo ni za sayansi. Wengine hujilipia, au huomba mkopo, au hurudi nyumbani. Mwalimu wa kidato cha sita anaijua hesabu hii kuliko anavyoijua tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Na kwa sababu anaijua, huanza kufundisha kwa ajili ya hesabu hiyo tangu wiki ya kwanza ya kidato cha tano.

Mpango huu haukuletwa na watu wajinga. Mitihani ya juu ya sekondari ilipoanza kushika mizizi Afrika Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, maswali yalitoka Cambridge na majibu yalirudishwa huko huko kusahihishwa. Kuanzia 1963 hadi 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa chache mno, na serikali changa zilihitaji kwa haraka madaktari, wahandisi na maofisa tawala. Likatengenezwa chekeche la kuwatoa wachache kutoka miongoni mwa wachache. Baadaye lilikuja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, nalo likalirithi chekeche hilo. Tanzania ilijitoa 1971 na kuunda Baraza lake 1973. Kenya na Uganda nazo zikaja kuwa na mabaraza yao. Bendera zilizowekwa juu ya vyeti zilibadilika, lakini matundu ya chekeche yakabaki yale yale.

Leo vyuo vikuu ni vingi katika kila nchi, na wanaomaliza kidato cha sita wengi wao hawatakuwa wahadhiri wala madaktari. Watakuwa wakulima, mafundi, makarani, wafanyabiashara, walimu wa shule za msingi, askari. Kwa hao, miaka miwili ya kukariri maswali ya miaka iliyopita inawaachia nini? Shule nyingi za Uganda humaliza kufundisha muhtasari wote mapema, kisha muda unaobaki hutumika kwa majaribio ya mtihani, jaribio juu ya jaribio. Mwalimu anayesifiwa ni yule anayeweza kubashiri swali litakalotoka. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuandika kanuni ya mkondo wa umeme bila kukosea herufi, na asijue kwa nini taa ya bweni lao inafifia kila jioni wakati wa kupiga pasi.

Askari wana namna yao ya kulielewa jambo hili. Hakuna jeshi linalompa kuruta alama ya kulenga shabaha kwa sababu ameandika vizuri majina ya sehemu za bunduki. Majina atayajua, na ni lazima ayajue. Lakini hupelekwa uwanjani, akalala chini, akapewa risasi, na shabaha ndiyo inayosema. Dereva wa jeshi hupimwa barabarani. Askari wa upelelezi hupimwa kwa jalada alilolifungua na ushahidi aliokusanya, hasa pale jalada hilo linapofika mbele ya hakimu. Shule za sekondari za juu katika nchi zetu ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu huthibitishwa kuwa anaweza kazi bila kuonekana akiifanya hata mara moja.

Hasara ya mtihani kuwa kila kitu ilionekana wazi nchini Kenya. Mwaka 2015 mtihani wa kumaliza sekondari wa nchi hiyo ulivuja. Maswali yalisambazwa kwa simu za mkononi, yakauzwa, na baadhi ya walionunua walikuwa wazazi wenyewe. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Hata hivyo, waliopata daraja A mwaka huo walikuwa zaidi ya 2,600. Machi 2016 Waziri wa Elimu, Dakta Fred Matiang'i, alilivunja Baraza la Mitihani, akaweka uongozi mpya, yakaja yale makontena na zile kufuli mbili, na walimu wakuu wakafanywa kuwajibika wao binafsi. Matokeo ya 2016 yalipotangazwa kabla mwaka haujaisha, waliopata A katika nchi nzima walikuwa 141.

Kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141 kwa mwaka mmoja! Waliopata C ya kujumlisha na zaidi, yaani daraja la kuingilia chuo kikuu, walishuka kutoka takriban 165,000 hadi chini ya 89,000. Wapo waliosema kwamba namna ya kusahihisha na kupanga madaraja nayo ilikuwa imebadilika, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini hata ukiipa uzito wote, tofauti iliyobaki inatisha. Watoto wa Kenya hawakuwa wajinga ghafla ndani ya miezi 12. Ilibainika kwamba kwa miaka kadhaa taifa lilikuwa likipima kitu kingine, mchanganyiko wa ukariri, fedha na ujanja, na kukiita elimu. Polisi walifanya kazi yao vizuri, kontena halikuvunjwa. Lakini kufuli humzuia mwizi tu. Haiwezi kubadili swali lililomo ndani ya bahasha, wala haimfundishi mtoto kufikiri.

Uganda imeanza kuligusa swali lenyewe. Februari 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini uliingia madarasani. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kwa sehemu kubwa ya wanafunzi hazikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtaala huo ulizaliwa na kuachwa mlangoni. Pamoja na hayo darasa la kwanza lilifika kidato cha nne na kufanya mtihani wake mwishoni mwa 2024, matokeo yakatolewa Februari 2025. Masomo yalipunguzwa. Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili huchukua masomo 12, na wale wa cha tatu na cha nne huchukua 8 au 9. Yale madaraja ya zamani ya kuwapanga watoto katika safu ya kwanza, ya pili na ya tatu yaliondolewa. Badala yake kila somo lina herufi yake, kuanzia A hadi E. Na katika kila somo, alama 20 kwa 100 hutokana na kazi alizofanya mwanafunzi shuleni pamoja na miradi, na 80 hutokana na mtihani wa mwisho.

Maswali nayo yakageuzwa. Zamani mtahiniwa angeweza kuulizwa ataje njia nne za kuenea kwa kipindupindu, naye akataja na kupata alama nne. Swali la namna mpya humweka mtahiniwa mahali. Kwa mfano, huelezwa kwamba kuna kijiji kilicho kando ya ziwa, mvua imenyesha, vyoo vimefurika, zahanati imepokea wagonjwa, na mwenyekiti wa kijiji ameomba ushauri. Mtahiniwa aandike atakachomshauri na sababu zake. Mtoto aliyekariri njia nne anazo, lakini sasa ni lazima azitumie, aache zisizohusika, na apange lipi litangulie. Afisa yeyote aliyewahi kuandika taarifa ya tukio ataona mara moja kwamba kazi hii inafanana na ile yake.

Vijana hao wa 2024 ndio walioingia kidato cha tano mwaka 2025, na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala cha Uganda kikatoa mihtasari ya kidato cha tano na cha sita iliyolinganishwa na mtaala wa chini. Ilikuwa lazima. Huwezi kumfundisha mtoto miaka minne kuuliza, kupima na kujadiliana, kisha ukamrudisha kwenye daftari la kunakili kwa miaka miwili ya mwisho, ile ambayo akili yake ndiyo kwanza inakomaa. Mtihani wa mwisho wa 2026 ndio wa kwanza kwa darasa hilo, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Kabla ya kushangilia, hapana budi kusikiliza upande wa pili, maana upande huo una haki yake na hasa kwa familia za askari. Lile kontena lenye kufuli mbili, pamoja na ubaya wake wote, lina sifa moja kubwa: halijui mtu. Karatasi anayofunguliwa mtoto wa waziri katika shule ya ada kubwa mjini Kampala ndiyo hiyo hiyo anayofunguliwa mtoto wa koplo katika shule ya kata ya mpakani. Msahihishaji haoni jina, huona nambari. Mtoto wa koplo akijibu vizuri, hakuna barua ya mjomba wala simu ya mkubwa inayoweza kuzifuta alama zake. Wengi wa viongozi, maofisa na wataalamu wa nchi zetu waliotoka katika nyumba za makuti walipita katika tundu hilo hilo. Anayetaka kuliziba ni lazima aeleze watoto wa namna hiyo watapita wapi.

Alama za shuleni, kinyume chake, hutolewa na mtu anayejulikana, kwa mtoto anayejulikana. Mwalimu anaweza kupendelea. Anaweza kutishwa. Mkuu wa shule anaweza kuagiza kwamba kila mtoto apewe alama za juu ili shule isiaibike, na baada ya miaka miwili alama hizo zikawa hazina maana yoyote. Mradi unaweza kufanywa na fundi wa mtaani kwa malipo, mtoto akaubeba tu hadi shuleni. Nchini Kenya, mtaala mpya ulipofika katika shule za msingi, wazazi walilalamika waziwazi kwamba kazi za nyumbani zinahitaji kuchapisha picha, kununua vifaa na kukaa na mtoto hadi usiku, mambo ambayo mzazi wa kipato kidogo hana fedha nayo wala nafasi. Malalamiko hayo yalifikishwa hadi mbele ya jopo lililoundwa na Rais 2022 chini ya Profesa Raphael Munavu. Mama aliye zamu ya usiku katika kituo cha polisi hatakaa na mtoto kutengeneza mfano wa volkano kwa udongo na rangi.

Liko pia jambo la uhamisho, ambalo wapanga mitaala mara chache hulikumbuka. Mtoto wa askari husoma shule mbili, tatu, pengine nne kabla ya kumaliza sekondari. Mtihani wa mwisho haukujali hilo. Alimradi alifika siku ya mtihani akiwa na nambari yake, alihesabiwa sawa na aliyekaa shule moja tangu mwanzo. Lakini kama alama 20 kwa 100 zinakusanywa kidogo kidogo tangu kidato cha tatu, basi baba akihamishwa katikati ya muhula, alama za mtoto ni lazima zihame pamoja na vitanda na masufuria. Daftari likipotea, au mwalimu wa shule ya awali asiposhughulika kuzituma, mtoto ameadhibiwa kwa amri ya uhamisho aliyopewa baba yake. Nchi yoyote inayofuata njia ya Uganda ina wajibu wa kuhakikisha kuwa kumbukumbu hizo zinashikwa na Baraza lenyewe na si katika kabati la shule.

Kwa sababu hizi, kile kipimo cha Uganda, 20 kwa 80, ambacho wengine wamekicheka kwamba ni cha woga, kina busara ndani yake. Ishirini inatosha kumlazimisha mwalimu afundishe kwa vitendo, na haitoshi kumfanya mkubwa anunue nafasi ya chuo kikuu. Kilicho muhimu zaidi ni zile 80. Iwapo maswali yake yatabaki kuwa ya kutumia elimu, na si ya kuitapika, shule zitafuata zenyewe bila waraka wa wizara. Mwalimu hufundisha kile kinachoulizwa. Ndivyo alivyo kila mahali duniani, na hakuna semina itakayombadilisha.

Swali la mwalimu mwenyewe, kwa kweli, ndilo lililoshughulikiwa vibaya zaidi. Tangu Julai 2022 Serikali ya Uganda imekuwa ikimlipa mwalimu wa sayansi mwenye shahada shilingi za Uganda milioni 4 kwa mwezi, wakati mwenzake wa historia au lugha, mwenye shahada ile ile na aliye katika chumba kile kile cha walimu, amebaki na zaidi kidogo ya milioni 1. Walimu wa masomo ya sanaa waligoma Juni 2022, na wakagoma tena Juni 2025. Nia ya kuinua sayansi inaeleweka. Lakini somo linalomfundisha kijana kupima ushahidi, kusoma habari na kuona uongo uliomo, kuandika hoja na kusikiliza hoja ya mwingine, ni lile la historia, la fasihi, na ile Karatasi ya Jumla ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ni lazima aichukue. Kumdharau anayefundisha hayo kwa robo ya mshahara, halafu kumtaka alete mageuzi ya kufikiri darasani, ni kumpa askari amri bila posho.

Kenya ilifika mbali zaidi kwa kuling'oa jambo zima. Ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981, ilifuta kidato cha tano na cha sita. Mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo ulikuwa 1989. Ilidhaniwa kuwa elimu itakuwa ya kazi zaidi. Karakana zikaagizwa zijengwe, nyingi hazikujengwa. Miaka minne ya sekondari ikabeba mzigo wa sita, na uzito wote ukaangukia mtihani mmoja wa kidato cha nne, ule ule ulioporomoka 2015. Ni funzo kwamba kufuta madarasa ya juu hakuondoi ugonjwa wa mtihani. Huushusha tu hadi kwa watoto wadogo zaidi.

Sasa Kenya imeyarudisha kwa sura nyingine. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala ulioanza 2017 waliingia darasa la 10, mwanzo wa sekondari ya juu ya miaka mitatu. Zipo njia tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Katika kuwapanga, mtihani wa darasa la 9 ulihesabiwa asilimia 60, mtihani wa darasa la 6 asilimia 20, na kazi za shuleni za darasa la 7 na la 8 asilimia 20. Kijana wa Kenya anayekimbia vizuri au kupiga ala ya muziki anaweza kuifanya kazi hiyo kuwa masomo yake. Serikali imependa asilimia 60 ya wanafunzi waelekee sayansi na ufundi, na hapo ndipo maabara zitakapohesabiwa moja moja. Shule isiyo na maabara haitoi mwanasayansi kwa kubadilishiwa jina la njia.

Tanzania imeyapitia haya kabla ya wengi. Mwalimu Nyerere aliandika mapema 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mtihani wa maandishi umepewa heshima isiyo yake. Azimio la Musoma la 1974 likakata njia ya moja kwa moja kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu. Kijana alitakiwa kwanza apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na mwajiri pamoja na tawi la chama watoe maoni juu yake. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, kwanza kwa wasichana, kwa kuwa idadi yao chuoni ilikuwa ikipungua. Ilionekana pia kwamba maoni ya mwajiri yanaweza kuwa ya haki, na yanaweza kuwa ya chuki. JKT kwa mujibu wa sheria lilisimamishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Wakufunzi wake ndio wanaowapokea vijana wakiwa bado na harufu ya chumba cha mtihani, na wao wanajua vizuri kuliko mkaguzi yeyote wa shule nani kati yao anaweza kupewa watu 10 na jembe na akaleta shamba.

Kwa Uganda, lango litakaloamua ni chuo kikuu na mwajiri. Ile kanuni ya kuzidisha pointi mara 3 na mara 2 iliongezewa pia alama za kidato cha nne za mtindo wa zamani, ambazo darasa hili la 2026 halina kabisa. Kwa hiyo haiwezi kutumika kwao kama ilivyo. Itakapoandikwa upya, inaweza kuutambua mradi alioufanya kijana shuleni, au inaweza kuupuuza na kuhesabu herufi tu. Ikiupuuza, kila mwalimu mkuu nchini humo atajua ndani ya wiki moja, na majaribio ya mtihani yatarudi kuanzia kidato cha tano. Majeshi nayo yamo katika lango hilo. Matangazo ya kuandikisha askari wapya katika nchi zetu hutaja daraja la cheti kabla ya kutaja kitu kingine chochote, na ni baada ya hapo tu ndipo kijana anapoitwa kukimbia, kuhojiwa na kutazamwa.

Askari wa Uganda wanaozilinda bahasha za Novemba 2026 vituoni wana watoto miongoni mwa watahiniwa. Asubuhi wanazitoa, wanahesabu lakiri, wanaweka saini. Swali lililomo ndani, kwa mara ya kwanza katika ngazi hiyo, linatarajiwa kumuuliza kijana atafanya nini.